Asiyekuwepo na Lake Halipo: Vikundi Vyetu na Mihadhara ya Vyuo Vikuu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka sehemu za Meru na Embu. Tunayachapisha ili yasomwe na kujadiliwa vikundini.)

Tunajua kuna waliotoka nyumbani kabla ya jogoo kuwika, na kuna kina mama ambao leo wamewaachia watoto kazi ya kukamua.

Katika semina zetu tumezoea kuzungumza juu ya matangi ya maji, mbuzi wa maziwa, matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo na vitabu vya hesabu. Leo tuna jambo tofauti kidogo. Tunataka kuzungumza juu ya mihadhara ya wazi ya vyuo vikuu, yaani yale mazungumzo ambapo wasomi husimama mbele ya watu na kuzungumzia sera za nchi, pamoja na mawazo mapya ya kuleta haki na maendeleo.

Tunajua swali lililo mioyoni mwenu: "Mambo ya maprofesa yatuhusu nini sisi wachuma kahawa?" Hilo ni swali zuri. Tulijibu polepole.

SERA HUANZIA WAPI?

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja hapa amelionja. Wenye umri mkubwa mnakumbuka wakati ambapo mtu alikwenda zahanati ya serikali akatibiwa bila kulipa. Halafu, Desemba 1989, tukaambiwa kwamba wagonjwa sasa watachangia gharama. Watu wengi wakakosa pesa, wakabaki nyumbani na ugonjwa wao. Mwaka 1990 ada zile zikasimamishwa kwa muda, kisha zikarudishwa hatua kwa hatua. Mwaka 2004 zikapunguzwa, mtu akawa analipa shilingi 10 zahanati na shilingi 20 kituo cha afya. Na Juni 2013 ada hizo zikaondolewa kabisa katika zahanati na vituo vya afya vya serikali.

Sasa tuulizane. Ada ile ya 1989 ilitungwa na karani aliyekaa dirishani na kitabu cha risiti? Hapana. Yule alitumwa tu. Ada ilianza kama wazo. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa uchumi, wengi wao wakiwa katika Benki ya Dunia na vyuo vya nchi za mbali, walisema kwamba serikali za Afrika zinatumia pesa nyingi mno kwa huduma za wananchi, na kwamba mwananchi alipe mwenyewe. Wazo likazungumzwa kwenye kumbi, likaandikwa katika ripoti, likawa sharti la mkopo, likawa agizo la wizara, na mwisho likafika kwetu likiwa risiti. Lakini kulikuwa na wasomi wengine waliolipinga, wakasema kwamba malaria haingoji mtu auze kuku. Nalo wazo lao lilichukua miaka mingi, lakini mwishowe lilisikika.

Kahawa ni vilevile. Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika huko London, na bei ikaanguka. Mkulima wa Embu au wa Imenti hakuwa amebadilisha kitu katika shamba lake. Alipalilia kama kawaida, akachuma kama kawaida, akapeleka cheri kiwandani kama kawaida. Lakini malipo yalipofika aliyatazama mara mbili. Wako waliopanda maharagwe katikati ya mikahawa, na wako waliong'oa.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: sera hutufikia kama ada, bei au amri, lakini huanza kama maneno. Maneno yakizungumzwa na sisi hatupo, hatuna la kufanya ila kungoja risiti. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

MFANO WA DAR ES SALAAM

Tutazame jirani zetu Watanzania, kwa sababu chuo chao kikuu kilijulikana dunia nzima kwa mazungumzo ya namna hii.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la chama cha TANU. Baadaye kikahamia Mlimani. Mwaka 1966 palitokea mgogoro. Serikali ilisema kwamba wasomi wakimaliza masomo waingie katika Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa muda fulani wapokee mshahara uliopunguzwa. Wanafunzi wakaandamana mpaka kwa Rais Julius Nyerere. Yeye akawafukuza zaidi ya 300, akawarudisha makwao. Lakini pia akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha.

Kuna mfano ambao Nyerere aliutoa juu ya wasomi, nasi tunaupenda. Alisema msomi ni kama mtu wa kijiji chenye njaa ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuleta msaada. Akila chakula kile halafu asirudi, amewasaliti. Nanyi mnaujua mfano huu hata kama hamjawahi kuusikia. Nani hapa hajauza ng'ombe kwa ajili ya karo? Nani hajachanga katika harambee ili mtoto wa jirani aende chuo?

Basi pale Mlimani, baada ya Azimio, mazungumzo yalipamba moto. Alikuwepo mwalimu mmoja kutoka Guyana, Walter Rodney. Kabla ya kurudi Dar es Salaam mwaka 1969 alikuwa akifundisha Jamaica, na alikuwa na desturi ya kutoka chuoni na kwenda kuketi na watu maskini wa Kingston, azungumze nao habari za Afrika. Mwaka 1968 serikali ya Jamaica ikamkataza kuingia tena nchini. Huko Dar aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1972, kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Hoja yake moja mtaielewa upesi kuliko mwanafunzi wa mjini: anayeuza mali ghafi na kununua kilichotengenezwa hubaki chini, hata akifanya kazi kwa bidii namna gani. Sisi tunauza buni, na kahawa ya mkebe tunainunua dukani. Si ndiyo hayo?

Desturi hiyo haikufa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na aliyekikalia kwanza ni Profesa Issa Shivji, mwanasheria. Mwaka 2009 mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria alikuja kutoa mhadhara wa kwanza wa Kigoda hicho. Makongamano yake yamefanyika katika Ukumbi wa Nkrumah, wasomi na wananchi wakizungumza juu ya ardhi, uchumi na umoja wa Waafrika. Tazameni hata jina. Kigoda! Kile kile tunachokalia jikoni na chini ya mwembe.

WENYE JAMBO WASIPOKUWEPO

Lakini tusiishie kusifu. Kuna upande wa pili, na huu ndio unaowahusu zaidi nyinyi wenye vikundi.

Kusini mwa Tanzania, huko Songea, vijana wachache walianzisha kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walilima pamoja, wakajenga shule, wakaamua mambo yao katika mikutano. Vijiji vingine vikawafuata, mpaka vikafika kama 17, vyote katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa kama nyinyi, kikundi cha kujisaidia kilichokua. Nyerere mwenyewe aliwapenda na kujifunza kwao. Lakini Septemba 1969 viongozi wa juu wa TANU wakakivunja chama kile na kuchukua mali yake. Wakubwa hawakupenda watu wanaojiamulia.

Angalieni mwaka huo. Ni wakati uleule ambapo chuoni Mlimani watu walikuwa wakijadili ujamaa usiku na mchana. Ujamaa ulikuwa unazungumzwa ukumbini, na wale waliokuwa wanauishi wakatawanywa. Kisha mwaka 1973 ikatoka amri kwamba watu wote wahamie vijijini kabla ya mwisho wa 1976. Mamilioni wakahamishwa, wengine kwa nguvu, wengine nyumba zao zikabomolewa. Wazo lililoanza kama hiari na udugu likawa amri.

Hatusemi haya ili kuwacheka majirani. Sisi tuna yetu. Tunasema hivi: hata wazo zuri, lenye huruma kwa maskini, laweza kuwaumiza maskini hao hao kama hawakuulizwa. Msomi anaweza kuwa upande wenu kwa moyo wote, na bado asijue kwamba mahali alipoonyesha kwenye ramani hapana maji. Wa kumwambia ni nani? Ni nyinyi.

CHUO NA KIJIJI WAKIKETI PAMOJA

Sasa mtasema, je, imewahi kufaulu? Ndiyo, tena mara nyingi. Tutaje mbili.

Ya kwanza ni kampeni ya "Mtu ni Afya" huko Tanzania mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya chuo kikuu, iliandaa vipindi vya redio na vitabu vyepesi. Wanavijiji waliketi katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi ya mbu. Siri yake ilikuwa moja tu: redio ikinyamaza, kikundi kiliendelea kuzungumza.

Ya pili ni ya hapa kwetu Kenya, kijiji cha Kamirithu, Limuru. Mwaka 1976 wanakijiji waliungana na wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walianza na ngumbaru, watu wajifunze kusoma na kuandika. Kisha wakatayarisha mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu juu ya ardhi na mishahara ya viwandani. Wafanyakazi na wakulima waliwasahihisha wasomi, wakawaambia, "Hapana, mzee hasemi hivyo, na kiwandani mambo hayaendi hivyo." Walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977, na Novemba serikali ikaupiga marufuku. Mwisho wa mwaka ule Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima, na hakurudishiwa kazi yake chuoni. Mwaka 1982 ukumbi wa wanakijiji ukabomolewa.

Kwa nini serikali iliogopa mchezo wa kijiji? Vitabu vya Kiingereza vya msomi huyohuyo vilikuwa vikiuzwa madukani. Kilichotisha ni kwamba elimu ya chuo na uzoefu wa kijiji vilikuwa vimekutana, tena kwa lugha ya watu.

VYUO VIMEKUJA MLANGONI

Zamani mtu wa huku angetoa udhuru: chuo kikuu kiko Nairobi, nauli ni ghali. Leo udhuru huo haupo. Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati yake mwaka 2016, na mahali pale palianza zamani, mwaka 1947, kama chuo cha kufundishia maofisa wa kilimo. Chuka kina chuo kikuu. Kaaga, Meru, kuna chuo kikuu cha Wamethodisti. Na Nchiru kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru.

Hicho cha Nchiru tukitazame kidogo. Kilianza kama chuo cha ufundi kilichoanzishwa na jamii, kwenye ardhi iliyotolewa na wazee wa Njuri Ncheke. Na tunajua kwamba Njuri Ncheke, kabla ya profesa yeyote, walikuwa na desturi ya kuketi na kupima jambo mpaka lieleweke. Basi mtu asiingie pale akinyemelea ukuta kama mgeni. Wazee wake ndio waliotoa ardhi.

Na sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010 inasema wananchi washirikishwe katika mambo ya bunge, ya bunge la kaunti na ya pesa za umma. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kila mwaka kaunti hutakiwa kutoa mpango wake wa maendeleo kufikia tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Karatasi hizo ni nzito, zina hesabu nyingi na Kiingereza kigumu. Hapo ndipo tunamhitaji msomi: atufungulie karatasi ile, atuonyeshe maji yetu yameandikwa ukurasa gani, au kama hayakuandikwa.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza hatua sita, kikundi kichague zinazowezekana.

1. Tafuteni habari. Watoto wenu wanasoma katika vyuo hivi. Waulizeni: mhadhara wa wazi ni lini, na juu ya nini? Wakuu wa vyuo nao waandikiwe barua yenye muhuri wa kikundi.

2. Tumeni watu wawili, si mmoja. Mmoja awe mwanamke. Nauli itoke katika mfuko wa kikundi, iandikwe kitabuni, kwa sababu hiyo ni kazi ya kikundi.

3. Nendeni na swali moja lililokubaliwa nyumbani. Lisiwe la kulalamika tu, kama "Kwa nini mnatusahau?" Liwe kama hili: "Tunapeleka cheri kiwandani, na kahawa inapouzwa nje, kati yetu na mnunuzi kuna mikono mingapi, na kila mkono hukata shilingi ngapi?" Hapo mhadhiri atavaa miwani.

4. Semeni kwa Kiswahili bila aibu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Mkisikia neno gumu, simameni mwombe lielezwe. Kuuliza si ujinga.

5. Pimeni mnachoambiwa. Si kila kinachosemwa na profesa ni kweli, na maprofesa wenyewe hupingana. Ulizeni: wazo hili litamfaidi nani? Nani atalipa? Limejaribiwa wapi, na watu wa huko wanasemaje? Na akitokea mwanasiasa anayetaka kugeuza mhadhara kuwa kampeni, mjue hapo pameisha.

6. Rudini na mtoe taarifa siku ya mkutano, kisha mwalike mhadhiri kijijini. Asiandaliwe jukwaa. Apewe kigoda. Kwanza asikilize, halafu ndipo azungumze.

Wako watakaosema hatua hizi ni za watu waliosoma. Tunawajibu kwamba kikundi kinachoweza kuweka pesa za mzunguko miaka kumi bila kupotea hata senti kina akili ya kutosha kujadili bajeti ya kaunti. Hesabu ni zile zile, ila sufuri zimezidi.

Tusitegemee pia kwamba mhadhara mmoja utaleta maji au utapandisha bei ya kahawa mwaka huu. Ada ya zahanati ilichukua karibu miaka 24 kuja na kuondoka. Lakini kwa sasa kuna mawazo mengine yanayozungumzwa mahali fulani, juu ya ardhi, mbegu, miraa, karo na matibabu. Yatafika kwetu. Afadhali yafike yakiwa yameshasikia sauti yetu.

Sasa tugawanyike katika vikundi vidogo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja sera moja iliyokufikia kama ada, bei au amri. Je, kikundi chenu kiliulizwa kabla? Kama hapana, mlisikia habari zake kwa nani?

2. Vijiji vya Ruvuma vilivunjwa ingawa vilikuwa vinaendelea vizuri. Kikundi chenu kina ulinzi gani: katiba, usajili, hesabu zilizo wazi, marafiki wa nje?

3. Kama mhadhiri angekuja kwenu wiki ijayo, ni jambo gani mngemfundisha kabla yeye hajawafundisha?

4. Andikeni swali moja ambalo mngependa kulipeleka chuoni. Nani watakwenda, na nauli itatoka wapi?